Nyuzi Zilizoishia Ghalani

Asubuhi Namelok alitua galoni la maziwa barazani kwa Mwanvua, akapiga hodi, akakohoa. Alipoondoa shuka mdomoni aliona uzi mweupe umetoka pamoja na kikohozi, mwembamba na mgumu kama wa katani. Ulishuka barazani, ukashika njia aliyojia. Aliuvuta kidogo, kifua kikauma, akauacha.

Mwanvua alitoka na sufuria kwa mazoea. Alipokumbuka, aliificha nyuma ya kanga.

"Mama Kaelo, leo sichukui."

"Na juzi hukuchukua."

"Mwenyekiti ametangaza. TB inatoka kwenye maziwa yenu. Usinichukie, shoga yangu, nina wajukuu humu ndani."

Kabla hajamaliza alikohoa naye, na uzi wake ukaingia chumbani alikolala mumewe, Ditram. Namelok akauliza umeanza lini. Mwanvua akasema tangu wiki iliyopita, na kwamba uzi wenyewe ni imara, ameshaanikia nguo.

Namelok alijitwisha maziwa yake, akarudi akiufuata uzi. Ulimfikisha bomani, ukaingia kifuani kwa mumewe, Koileken, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda akimeza vidonge vyake vya TB. Mgongoni mwake ulitokea mwingine, ukakata mbuga kuelekea kijijini. Mtoto wao mkubwa, Kaelo, alikuwa akiwatoa ng'ombe zizini. Alikohoa kwa makusudi ili ajaribu. Hakikutoka kitu. Namelok alishukuru Mungu kwa sauti, na tangu siku hiyo hakuwa na ombi jingine.

Kijiji cha Katanini, upande wa Rudewa, kilikuwa shamba la mkonge enzi hizo. Shamba limekufa, limebaki ghala moja la zege lenye mlango wa chuma, lisilo na dirisha hata moja. Kijiji kiliona ni hasara kuliacha tupu, kikalifanya mahabusu. Mfugaji ambaye ng'ombe wake wamekula mahindi huwekwa humo. Mkulima aliyempiga mfugaji huwekwa humo humo, na hata mpita njia aliyekutwa na gunia la mkaa. Wote hukaa pamoja, wakipumua hewa ile ile, mpaka waelewane. Koileken na Ditram waliwahi kuelewana humo msimu mmoja wa mavuno.

Kwa hiyo nyuzi zote ziliishia pale, chini ya mlango wa chuma. Mgambo wa zamu, Paulo, alijaribu kuzikata kwa panga, lakini kila alipozigusa alikohoa yeye, akaacha. Watu wakazoea. Waendesha bodaboda waliinamisha vichwa, na mbuzi walifungwa kwenye zile nene. Mwenyekiti Marko aliendelea kutangaza habari ya maziwa. Nyani haoni kundule, na huyu la kwake lilikuwa limefungwa kufuli mbele ya ofisi yake.

Daktari Lightness alifika akitokea Mikumi. Alikuwa anachunguza nasaba za vijidudu vya TB nchini, na kule Mikumi alimkuta Frank, mchoma nyama wa kando ya barabara kuu, ambaye uzi wake ulikata hifadhini, tembo wakiuruka, ukapanda kuja Rudewa. Frank hakuwa na ndugu Rudewa. Aliwahi kupita tu, na gunia la mkaa.

"Shikamoo mama," daktari alimwambia Namelok.

"Marahaba, mwanangu. Karibu maziwa. Yamechemshwa."

Alikunywa vikombe viwili, akaeleza kazi yake. Vijidudu navyo vina ukoo, alisema, na mtu akisoma vinasaba vyao anajua yupi kazaliwa na yupi. Upo ukoo wa TB wa ng'ombe, na upo wa watu. Kisha akampa Koileken kikopo, akamwomba ateme.

Koileken alikipokea kwa mikono miwili. Kwa Wamasai mzee hatemei kitu hovyo, hutemea anachokibariki. Alitema mate mepesi kama umande, akainua kikopo juu, akamwombea daktari mvua, mifugo na watoto mapacha. Namelok na majirani wote wakafuata mfano wa mzee.

Maabara haikuona kijidudu katika baraka zile. Mwenyekiti akatangaza kwamba wafugaji sasa wanaficha ugonjwa. Daktari alirudi na vikopo vingine, tumbo limeanza kumchomoza.

"Baba, baraka nilizipata, nashukuru. Safari hii naomba makohozi, yale ya ndani kabisa."

Koileken aliguna, akayatoa.

Majibu yalisomwa kwenye mkutano wa kijiji. Vijidudu vya Namelok, Koileken, Mwanvua, Ditram, Frank wa Mikumi na Paulo mgambo vilikuwa vya ukoo mmoja, mtu na ndugu zake. Ukoo wa ng'ombe haukuonekana. Wanakijiji walipiga makofi kwa heshima, maana daktari alikuwa ametoka mbali kuwaambia kitu walichokuwa wakikianikia nguo.

Namelok alisimama.

"Mwenyekiti, maziwa msinunue, sawa. Naomba moja tu. Mwanangu Kaelo asiingizwe mle mpaka muweke madirisha."

"Akichunga vizuri, nani atamwingiza?" alijibu Marko. "Na mahabusu yenye madirisha ni mahabusu gani, mama? Ila hoja ya daktari tumeipokea. Tutachukua hatua."

Hatua ikachukuliwa. Fundi alitoboa tundu mlangoni, la kutosha kidole, ili nyuzi zipite bila kusagwa na chuma. Mwanvua alirudia kununua maziwa, na Namelok akaanza kumeza vidonge.

Mahindi yalipoanza kubeba, fahali mmoja wa Koileken aliruka uzio wa miiba wa shamba la Ditram, na kundi likamfuata. Mtoto wa Ditram alimrukia Kaelo kwa fimbo. Wakakamatwa wote wawili. Paulo alipofungua mlango, Koileken alimtemea mwanawe mate ya baraka utosini, akamtemea na yule wa Ditram. Namelok na Mwanvua walikaa nje, migongo yao ukutani, wakisikiliza watu wa ndani wakikohoa. Namelok alilia bila kujificha. Vijana walitoka wakiwa wameelewana vizuri kabisa, na bado ni marafiki.

Miezi ikapita. Namelok alimaliza dawa, uzi wake ukakauka, ukakatika wenyewe kama kitovu cha mtoto. Siku moja Kaelo alikuwa ameshika kibuyu, mama yake akikamua, akakohoa. Haikuwa kwa makusudi.

Uzi ulimpita mama, ukampita baba kwenye kigoda, wala haukugeuka kuwaangalia ng'ombe. Namelok aliacha kukamua, akaufuata, ingawa njia aliijua. Alipofika ghalani Paulo alimwamkia, akasogea pembeni ili apate kuona. Uzi wa Kaelo uliingia kwenye tundu bila kukwaruzwa popote, maana Paulo alikuwa akilipaka mafuta kila asubuhi. Ndani kulikuwa na watu.