Rangi Chini ya Bolti

Kufika saa tano asubuhi Mama Mita alikuwa ameshalala chali ndani ya teksi ya mjomba wake, miguu nje ya mlango, kichwa kati ya pedeli, tochi kaiuma kwa meno. Jina hilo hakupewa bure. Mafundi wengine wa yadi ile huanza na spana. Yeye hagusi nati mpaka mita ya kupimia umeme iseme.

"Zungusha, mjomba."

Injini ilikuwa inanguruma. Mjomba akazungusha. Usukani ukagoma katikati, ikabidi ausukume kwa mkono wa kushoto, maana bega la kulia lilikuwa limeshamchoka kwa kazi hiyo. Kwenye dashibodi taa ya njano ya usukani ikawaka.

"Si nilikwambia? Mota ya usukani imekufa. Hata mkaguzi kasema ninunue mpya duka la ng'ambo ya barabara. Wenzangu watatu wamenunua."

"Na usukani wao umekuwa mwepesi?"

Mjomba akajikuna shingo. "Siku mbili hivi. Halafu ukarudi kuwa ule ule."

"Basi tusiizike mota kabla hatujajua kama imekufa."

Ilikuwa siku ya mwisho ya ukaguzi. Asubuhi ile mkaguzi alikuwa ameiona taa ya njano, akamrudisha mzee wa watu. Saa kumi kamili geti la ukaguzi lingefungwa, na teksi isiyo na stika ya kupita ingefutiwa namba. Mjomba alikuwa na miaka sitini na mmoja, nani angemwajiri? Mota yenyewe asingeimudu hata angeuza nusu ya gari. Yadi nzima ilijua, ndiyo maana siku hiyo hakuna aliyemtania.

Mama Mita aliogopa, tena sana. Huyu ndiye aliyemlea, ndiye aliyemtia bisibisi mkononi wakati ndugu wengine wanalalamika kwamba mtoto wa kike atachafua nguo. Lakini akachomeka mashine ya kusomea hitilafu. Ikaandika: usukani, umeme mdogo.

"Wale wa dukani waliishia hapa," alisema. "Wameona neno usukani, wakauza mota."

Akapima betri: volti kumi na nne, safi. Akapima kwenye mota huku mjomba akizungusha: kumi na moja, na ikizidi kushuka. Volti tatu zilikuwa zinapotelea njiani. Akaufuata waya wa kuleta umeme kipande kwa kipande, akauona mzima. Fyuzi nzima. Ikawa saa saba, ikawa saa nane. Mjomba aliacha kuuliza, akawa anazungusha tu anapoambiwa, jasho likimtiririka.

Ukabaki waya wa ethi, ule wa kurudishia umeme kwenye bodi, uliofungwa kwa bolti chini ya boneti. Akagusisha ncha moja ya mita kwenye kichwa cha waya huo, nyingine kwenye chuma cha bodi, sentimita tano tu kati yake. "Zungusha." Mita ikaonyesha volti karibu tatu.

Akaikodolea macho. Kisha akafungua bolti. Chini yake palikuwa na rangi ya bluu, nzito, inang'aa.

"Mjomba, hii rangi ilipakwa lini?"

"Si ile amri? Teksi zote bluu, na karakana moja tu ndiyo ilipewa kazi. Miezi minne sasa."

Watu wa karakana hiyo walifungua waya, wakapuliza rangi mpaka kwenye tundu la bolti, wakafunga waya juu ya rangi. Umeme uliingia kwenye mota, ukakosa pa kutokea. Mama Mita akacheka kwa hasira. Akachukua msasa, akasugua mpaka chuma kikawa cheupe, akakaza bolti, akaifuta hitilafu kwa mashine.

"Zungusha."

Mjomba akazungusha kwa kidole kimoja. Akarudia. Machozi yakamlengalenga, akajifanya anatafuta ufunguo.

Saa tisa na nusu walikuwa getini. Mkaguzi, kijana wa shati jeupe, aliitazama dashibodi, akafungua boneti, akainama.

"Hapa pamekwanguliwa. Amri inasema kila mahali pawe bluu."

"Afisa, kaa basi uzungushe usukani," alisema Mama Mita.

"Sikuletwa hapa kuendesha magari, dada."

Akamwonyesha fomu. Mbele ya neno usukani palikuwa na alama ya sawa, na haikuwa kwenye fomu hiyo tu. Fomu zote alizokumbatia zilikuwa zimeshawekwa alama mahali hapo, wino mmoja. Mbele ya rangi akaandika: hapana.

Mjomba alikwenda kwenye buti akatoa kopo la rangi ile ile, maana mkwaruzo wowote ulikuwa kosa na yeye alikuwa mtu wa kujihadhari. Mama Mita akapaka juu ya bolti. Haikudhuru kitu, maana chini chuma kilikuwa kimeshabana chuma. Stika ikabandikwa rangi ikiwa mbichi.

Wangeweza kwenda nyumbani. Lakini nyuma yao kulikuwa na teksi tisa za bluu, taa za njano zinawaka, na wa kwanza alikuwa anaukunja usukani kwa mwili mzima kama anakamua shuka.

"Fungua boneti, kaka," Mama Mita alimwambia, msasa mkononi.

"Dada, hutakwangua rangi hapa," alisema mkaguzi.

"Nitakwangua. Na hiyo inayofuata pia."

Mkaguzi akaangalia saa yake, akarudi kwenye fomu zake. Mama Mita alifungua, akasugua, akakaza, akafuta hitilafu. Mjomba alimfuata na kopo na brashi, kwa mkono wa kulia. Madereva walishuka wakaanza kufungua boneti wenyewe, kila mmoja akiitafuta bolti yake.

Walizimaliza tano. Saa kumi geti likafungwa. Madereva wanne waliobaki nje walirudishiwa fomu zao bila stika, na kwenye kila fomu, mbele ya neno usukani, palikuwa na alama ya sawa.