Maji ya Chini Kabisa

Apolinari alirudi kutoka kanisani akakuta chupa zake zimeoshwa, zimejaa samli na zimepangwa uani.

Mwaka ule wa 1954 alikuwa mpima maji wa ofisi ya samaki. Alikaa Nungwe, upande wa Geita, pamoja na mkewe Mektilda na mtoto wao Generosa. Wiki nzima alikuwa akienda na boti kupita visiwa, mahali ziwa lilipo na kina kirefu, akiteremsha chombo cha shaba kwa kamba na kupandisha maji ya chini kabisa. Yalinuka kama yai viza. Aliyatia dawa yasibadilike, akayafunga, akayaweka kivulini kungoja boti ya Mwanza.

"Nani ameyamwaga maji yangu?" aliuliza, ingawa alijua.

Mama mkwe wake, Mbuke, alikuwa amekuja kutoka Songwa kumwona mjukuu, na debe la samli ya kuwauzia wachimbaji wa dhahabu. Sasa alikuwa jikoni akisonga ugali. Mkwe hagombwi. Apolinari hakuthubutu hata kumtazama usoni, sembuse kumfokea. Akamgeukia mkewe, akapaza sauti kidogo ifike jikoni.

"Mama Generosa, mwambie mama yale maji yalikuwa kazi ya ofisi."

"Mayu," Mektilda alimwita mama yake kwa Kisukuma, "anasema yalikuwa kazi."

"Mwambie baba Generosa yalikuwa yameoza," Mbuke alijibu. "Akitaka mengine, ziwa lote lile hapo."

Ziwa lote lile hapo! Apolinari alifumba macho. Angeanzia wapi? Kwamba kila kinachokufa juu huzama, na kule chini kusiko na hewa kuna vijidudu visivyoonekana vinavyokiozesha? Kwamba chumvi inayotokana na uozo huo hukaa imefungiwa huko miezi kadhaa, na ndiyo hasa aliyotumwa kuipima?

"Mwambie asante," alisema, akatoka nje na njaa yake.

Alipopata chupa nyingine na boti, upepo wa kusini ulikuwa umevuma mfululizo, mawimbi yanavunjika mpaka ndani ya ghuba. Alikwenda hivyo hivyo na nahodha Ignas. Akapandisha maji ya chini, akayanusa. Hayakunuka. Akadondosha dawa ya kupimia, ile iliyoyafanya ya kwanza kuwa ya njano. Maji yakabaki meupe. Akapandisha tena, akapima tena.

"Si maji haya haya?" Ignas aliuliza, akifuta manyunyu ya mawimbi usoni.

"Siyo! Upepo umelikoroga ziwa lote. Hewa imefika chini, vijidudu vingine vimeigeuza ile chumvi. Nilichokitaka hakipo tena!"

"Basi tugeuze boti."

Mkubwa wake wa Mwanza alipopata habari alimjibu kwa ukali: angoje mwakani, kabla ya upepo.

Jioni ile Mektilda alimweleza mama yake yote. Mbuke alisimama mlangoni mwa jiko, akampa mkwewe mgongo, na kwa mara ya kwanza akasema naye mwenyewe.

"Baba, hiyo chumvi ni ya nini?"

"Mama, upepo unapoipandisha juu, inaotesha majani madogo sana majini. Wadudu wanayala, samaki wanawala wadudu."

"Kumbe ni samadi."

"Ni... ndiyo, mama. Kama samadi."

"Sasa mbona ulimwambia mwanangu ni maji tu? Mimi ni mkulima. Ungesema samadi, nani angemwaga samadi?"

Mektilda alikuwa amejifunika kanga usoni, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Mumewe alichukua shoka, akaenda nyuma ya nyumba kupasua kuni ambazo hakuna aliyezihitaji, na mwaka uliofuata, maji ya chini yaliponuka tena, chupa zote alizihifadhi kwa katekista wa kanisani, mbali na samli ya mama mkwe.