Maji Mlangoni kwa Sevda

Donka alianza kuliandika lile daftari mwezi wa Novemba, barafu ilipomfungia ndani yeye na goti lake. Kufika Agosti kurasa zote zilikuwa zimejaa. Siku nne za Istanbul. Mtu asiyemjua angelifungua angedhani kaokota mipango ya vita: saa ya kuamka, namba ya tramu, choo kiko wapi, mlango upi una foleni fupi, mkate wa samaki wa upande gani wa daraja hauna miiba.

Kwa miaka thelathini na mmoja Donka alikuwa sauti ya stendi ya mabasi ya mji wao, mji mdogo wa Bulgaria ulioegemea mlima. Alikaa ndani ya kibanda cha kioo akitangaza: basi la Plovdiv, njia ya pili, basi la Burgas limechelewa. Watu walimjua kwa sauti kabla hawajamjua kwa sura. Basi la Istanbul alilitangaza kila Ijumaa. Kulipanda, hata siku moja. Kwanza mume aliugua, kisha mtoto alikuwa anasoma, kisha kazi haikuwa na mtu wa kumshikia. Sasa mume alikuwa kaburini, mtoto alikuwa Hispania, na goti lilikuwa limefikia mahali ambapo daktari alisema, "Desemba tunalipasua. Baada ya hapo tutaona." Donka alizielewa vizuri sana zile tutaona za madaktari. Alitaka kuuona ule mji akiwa bado anakwenda kwa miguu yake.

Na alitaka kuuona na Sevda. Sevda alikuwa rafiki yake tangu wana miaka saba. Nyumba zao zilitazamana, na mambo yao yote, kuanzia harusi mpaka matanga, waliyafanya pamoja.

Kila Jumapili baada ya chakula Sevda alivuka barabara, akakaa jikoni kwa Donka, kahawa ikatiwa, na daftari likafunguliwa.

"Siku ya pili, saa tatu asubuhi, Aya Sofia," Donka alisoma. "Saa nne na nusu tunatoka. Halafu tunakaa."

"Wapi tena?"

"Bustanini. Benchi la tatu kutoka kwenye chemchemi. Lina kivuli mpaka saa sita."

"Shoga, hujawahi kufika huko na unajua mpaka vivuli vyao."

"Mkwe wa Tsonka, aliyekaa huko, ndiye aliyeniambia. Nimemuuliza mara mbili, siku tofauti, nione kama atajikanyaga."

Sevda alicheka mpaka kahawa ikampalia. "Maskini mkwe wa watu. Na lile birika la chini ya ardhi, lenye nguzo?"

"Ngazi hamsini na mbili. Nimeshaandika." Donka alifunua ukurasa, akasoma kwa sauti yake ya stendi: "Sevda ashuke. Mimi ningoje juu na koti lake."

"Koti la nini, Septemba?"

"Utatoka jasho kwa kupanda ngazi, halafu upepo wa bahari ukupige. Nani atakuuguza huko?"

Siku ya tatu ilikuwa ya Kanisa la Chuma, kanisa la Wabulgaria lililoko kando ya maji. Mama yake Donka, aliyeuita mji ule Tsarigrad mpaka anaingia kaburini, aliweka nadhiri ya kuwasha mshumaa pale, asifike. Donka aliandika mstari mmoja tu: mshumaa wa mama. Hakuweka saa. Jambo lile halikuwa la saa.

Aliyekwenda kuandikisha majina yao ni Sevda, kwa sababu wakala wa safari alikuwa mji wa mkoa, na Sevda alikwenda huko kila Alhamisi kutengenezewa meno. Safari ilikuwa ya katikati ya Septemba. Wiki mbili kabla, Sevda alikuja siku isiyo Jumapili, akasimama mlangoni bila kukaa.

"Imevunjika," alisema. "Watu hawakutimia. Wakala anasema labda masika."

 Mungu ndiye shahidi, Donka ndiye aliyembembeleza mwenzake. "Usinune. Masika si mbali. Nitakuwa na goti jipya, utanikimbiza."

"Nipe daftari nikae nalo," Sevda akasema, macho chini. "Nilipitishie macho tu, nijifariji."

Donka akalifuta vumbi, akampa.

Ijumaa ya katikati ya Septemba, asubuhi na mapema, Donka alitoka na fimbo yake kwenda kununua mtindi. Mvua ilikuwa haijanyesha wiki tatu. Barabara ilikuwa nyeupe kwa vumbi. Alipofika usawa wa nyumba ya Sevda akasimama.

Kizingiti kilikuwa kimelowa. Maji yalikuwa yameteremka ngazi tatu mpaka njiani, na juu ya jiwe la chini yalinata majani mawili ya jeraniamu, ua la vyunguni. Sufuria ya shaba ilikuwa imeinamishwa kando ya mlango.

Huko kwao mtu haoshi ngazi kwa sufuria ya shaba, wala hatii jeraniamu kwenye maji ya kudekia. Maji yale yana kazi moja. Mtu anapoanza safari ndefu, anayebaki nyumbani humwagia maji njiani, msafiri akapita juu yake, ili safari imwendee kama maji yanavyokwenda. Donka mwenyewe alimmwagia mwanawe alipokwenda Hispania.

Mawazo ya kwanza yaliyomjia yalikuwa ya huruma: Gancho kapelekwa hospitali. Gancho alikuwa mume wa Sevda, mtu mzima mwenye moyo mbovu. Donka akasahau goti, akapanda zile ngazi zilizolowa, akagonga.

Gancho ndiye aliyefungua. Alikuwa na kandambili, na kipande cha mkate mkononi.

"Shemeji," Donka akasema, "uko hai."

"Kwa nini nisiwe hai?"

"Sevda yuko wapi?"

Gancho aliutazama mkate wake kama vile jibu limeandikwa humo. "Kaenda kwa dada yake."

"Sevda hana dada, Gancho. Nimekula pilau ya arobaini ya kila mtu wa ukoo ule."

  Maji yalikuwa yakidondoka taratibu kutoka ngazi ya juu kwenda ya pili, na wote wawili wakawa wanayatazama.

"Nilimwambia asifanye," Gancho akasema hatimaye.

"Asifanye nini?"

"Unajua, Donka. Usinitese."

"Nataka nisikie kwa kinywa chako."

"Basi limeondoka saa kumi na mbili. Kaenda na Verka."

Verka alikuwa dada yake Gancho, mjane wa mji wa pili, mwanamke wa kuvaa viatu vya michezo na kupanda milima kwa ajili ya kujifurahisha. Donka hakuwa na ugomvi naye. Aliwahi hata kumpikia.

"Alisema safari imevunjika."

"Alisema." Gancho alijikuna shingoni. "Alisema pia, akienda nawe ataiona Istanbul amekaa. Benchi hili, benchi lile. Alisema miaka yetu si ya kukaa kwenye mabenchi. Maneno yake hayo, si yangu."

 Donka alishika ukuta.

"Na maji ukayamwaga," akasema. "Siri kubwa hivi, halafu ukayamwaga hadharani."

"Alinikataza. Alisema, Donka atapita kwenda kununua mtindi. Lakini mama yangu angefufuka anichape. Kwenye nyumba hii mtu hajapata kutoka na mguu mkavu." Sauti yake ilififia. "Ningefanyaje? Ni mke wangu. Barabara ni ndefu."

Mficha maradhi, wanasema, kilio humfichua. Sevda hakufichuliwa na kilio. Alifichuliwa na mume aliyempenda.

Mtindi Donka hakununua. Alirudi nyumbani, akakaa kwenye kiti chake cha jikoni, na hapo ndipo mateso yenyewe yalipoanza, maana daftari lilikuwa limeondoka lakini yeye alilijua kwa moyo. Jumamosi saa tatu alitazama saa ya ukutani akajua: wako mlangoni, mlango wa upande ule usio na foleni. Saa nne na nusu: wanatoka. Jumapili alasiri alijua wako juu ya kivuko, wamekaa mkono wa kushoto kwa sababu yeye ndiye aliyeandika kwamba mkono wa kushoto ndio unaoonyesha kasri, na wanakunywa chai kwenye vikombe vidogo vya kioo. Alijaribu kulala, akaamka. Alijaribu kuchemsha maharage, yakaungua. Siku nne nzima alikuwa Istanbul kuliko wao waliokuwa huko, na hakuona kitu isipokuwa ukuta wa jikoni.

Waswahili tuna neno linalomfaa Sevda: alimzunguka mwenzake. Kupigwa na adui ni jambo la kawaida duniani. Mtu wa kukuzunguka lazima awe amesimama karibu nawe.

Jumanne jioni Sevda alivuka barabara. Alikuwa na boksi la lokum, zile peremende laini za Kituruki, kwa mkono mmoja na daftari kwa mkono wa pili, na uso umechomwa na jua. Gancho alikuwa ameshamwambia kwamba Donka anajua.

"Najua unanichukia," alianza.

"Kaa," Donka akasema. "Kiti ni kilekile."

Sevda akakaa. Kahawa haikutiwa.

"Verka alinisukuma. Nafasi zilikuwa mbili, na mimi nikawaza goti lako, zile ngazi, ule umati. Nikasema Donka ataumia."

"Uliwaza goti langu."

"Ndiyo."

"Ungeniuliza. Goti langu lina mwenyewe."

Sevda alisukuma boksi la lokum katikati ya meza. Halikuguswa. "Daftari lako lilitusaidia sana," akasema, na aliposikia maneno yake mwenyewe akaharakisha kuyafunika kwa mengine. "Na sikukusahau. Nilikwenda Kanisa la Chuma. Nikamwashia mama yako mshumaa. Mkubwa, ule wa nta ya manjano."

Mpaka hapo Donka alikuwa amejizuia vizuri. Aliweka mikono yote miwili mezani.

"Uliuwasha mshumaa wa mama yangu."

"Kwa ajili yako."

"Nafasi ungechukua, Sevda. Benchi ungechukua, na kivuko, na samaki, hayo ni ya kila mtu mwenye tikiti. Mshumaa ule ulikuwa wangu. Mama hakukutuma wewe."

Sevda akaanza kulia. Alilia kweli, si kwa kuigiza, na Donka aliyekwisha kumfuta machozi yale mara mia alibaki amekaa. Alifungua daftari. Kando ya kila mstari palikuwa na alama ya kalamu nyekundu: Aya Sofia, imefanyika, kivuko, imefanyika, mkate wa samaki, imefanyika. Mshumaa wa mama, alama. Katika daftari zima mstari mmoja tu ulibaki bila wekundu, ule wa kwenye birika: Mimi ningoje juu na koti lake.

"Birika hamkushuka?"

"Tulishuka," Sevda akasema, akijifuta pua. "Tulipotoka nilikuwa nimelowa jasho, upepo ukanipiga. Nikageuka kutafuta koti." Akakohoa. "Nina kifua tangu Jumamosi."

Donka alilifunga daftari. Hakusema pole.

Alhamisi iliyofuata, siku ambayo zamani ilikuwa ya Sevda na meno yake, Donka alipanda basi peke yake mpaka kwa wakala, akaandikisha jina moja. Safari ya Oktoba, ya mwisho kabla ya baridi. Kijana wa ofisini alimuuliza kama ana mwenzake wa kulala naye chumba kimoja. "Nilikuwa naye," alijibu, kijana akaandika chumba cha mtu mmoja.

Ikabaki shida moja. Maji hayamwagwi na msafiri mwenyewe. Lazima amwage anayebaki. Na Donka nyumbani kwake hakuwa na wa kubaki.

Asubuhi ya safari, jua ndiyo kwanza linachungulia juu ya mlima, Sevda alisikia kugongwa. Alipofungua alimkuta Donka amevaa koti la safari, begi begani, fimbo mkono wa kulia, na mkono wa kushoto amebeba sufuria iliyojaa mpaka ukingoni, majani ya jeraniamu yakielea.

"Nimwagie," Donka akasema.

Sevda alipokea sufuria kwa mikono miwili, na bado maji yalimchuruzika vidoleni. "Umenisamehe?"

"Sikuja kwa hilo. Nakwenda Tsarigrad, na wewe unabaki."

Wapo katika mji ule wanaosema kwamba ule ulikuwa msamaha, na wapo wanaosema kwamba hakuna kofi kali kuliko lile. Donka mwenyewe hakupata kusema. Aligeuka, akashuka ngazi moja moja, mguu mbovu kwanza, mguu mzima baadaye, naye Sevda akamwaga ngazini nyuma yake, maji yakateremka na kumpita miguuni, akisema yale yanayosemwa: nenda kama maji, rudi kama maji. Sauti ilikatika katikati, akaanza upya.

"Daftari umelichukua?" aliita, Donka alipokuwa ameshafika barabarani.

"Nimelitia jikoni, motoni. Limeshatumika."

"Nije kukupokea stendi ukirudi?"

Anayemwagiwa maji hageuki nyuma, na Donka hakugeuka. Aliinua fimbo kidogo, na yule aliyeko nyuma asijue kama ni kuaga au ni kukataa. Halafu akaenda zake stendi, pale ambapo sauti ya mtu mwingine ilikuwa ikilitangaza basi. Maji ya Sevda yalikuwa yamemlowesha kiatu cha kushoto, na kiatu kile hakikukauka mpaka mpakani.