Taa ya Ndani ya Gari la Komanda

Mwaka ule wa Wamulele, waasi walioushika mji, Uvira iliamka kila asubuhi kama mtu aliyeota ndoto mbaya akaikuta bado inaendelea. Thaddée, fundi umeme wa magari pale Mulongwe, hakuwa amelala. Mkwewe Gratien, dereva wa komanda wao, alikuwa amefungwa katika ghala la pamba, na jua likizama kabla kosa la taa halijajulikana, angepigwa risasi. Na Félicité, binti wa Thaddée, alikuwa na mimba ya kwanza.

Kosa lenyewe, ukilisikia, unacheka. Taa ndogo ya ndani ya gari, ile ya darini, ilikuwa imeanza kuwaka hali milango imefungwa. Jioni ya jana ndege ya serikali ilipita juu ya ziwa, taa ikiwa inawaka, na waasi wakaapa kwamba Gratien anaiitia mabomu. Taa ya kumwezesha mtu kutafuta kofia yake! Lakini nani angethubutu kucheka?

"Fundi, taa iko inawaka juu ya sababu gani?" aliuliza komanda, mtu mwembamba, macho mekundu.

"Acha niiulize yenyewe, Mukubwa."

Gari lilisimama ufukweni. Ziwa lilikuwa limetulia hata milima ya Burundi ng'ambo ikaonekana kuelea, na Thaddée alifanya kazi kama anayetembea usingizini. Akang'oa kifuniko cha taa, akaikuta ampule, balbu yake, nzima. Akafuata waya kwa vidole, haukuwa umechubuka. Akafungua mlango wa komanda, akabonyeza kile kitufe cha kwenye nguzo ya mlango, ambacho mlango ukijifunga hukisukuma ndani. Taa ikazimika. Akakiachia, ikawaka. Kitufe kizima, basi. Akaufunga mlango, na taa ikabaki inawaka vilevile, laini, ya manjano kama kiini cha yai. Aliitazama mpaka akasahau yuko wapi. Alitamani aingie humo alale, aje aamke nchi imetulia.

Kisha akaona. Juu kidogo ya kitufe, nguzo ilikuwa imezungushiwa gamba la mti, bado bichi. Dawa ya vita. Mganga wao alilifunga juzi ili risasi zigeuke maji, na tangu juzi mlango haukuingia mpaka mwisho. Ulibaki nje kwa unene wa gamba, kitufe hakiguswi.

Mkono usiooshwa kwa dawa ukiligusa gamba lile, ni kufa. Mdomo ukisema dawa imeharibu kitu, ni kufa pia. Na wapiganaji walikuwa wamemzunguka, bunduki begani.

Akatoa mfukoni kipande cha mpira wa baiskeli, akakipunguza kwa kisu, akakibandika kwenye ukingo wa mlango, pale unapokutana na kitufe. Akaufunga.

Taa ikazimika.

"Mulango iko muzee, Mukubwa," alisema kwa sauti, wote wasikie. "Imekauka, haifike tena ku kitufe. Dereva hana makosa."

Komanda akafungua, akafunga, akafungua tena. "Mufungulie dereva," akaamuru, na wapiganaji wakaenda ghalani. Walipokuwa mbali, akainama karibu na Thaddée.

"Baba, hii gari minye ndiye nilikuwa naendesha, wakati ya Muzungu wa pamba. Hii mulango naijua."

"Ulijua?"

"Tangu juzi."

Hasira ikampanda Thaddée. "Na ulitaka bamuue mutoto yangu?"

"Ningesema, bangeniua minye," alisema komanda. "Ndiyo maana nikakuita weye."

Akaingia garini akakaa, na mlango ukajifunga, taa ikazimika juu yake.

Gratien akaja akitembea polepole, macho chini kama inavyompasa mtu mbele ya baba mkwe. "Baba, ilikuwa nini?"

"Mulango tu. Twende, Félicité anangoja."

Kisha Thaddée akafanya jambo ambalo baba mkwe hafanyi. Akamshika Gratien mkono mbele ya watu, na hakuuachia mpaka nyumbani.