Kinyozi Aliyenyanyua Gurudumu

Kule Valbrina, kijiji cha milimani juu ya mji wa Bergamo, Italia, mwanamume asiyejua kunyanyua gurudumu la mbele la pikipiki hupewa pole kama mfiwa. Egidio Paganessi, kinyozi, alikuwa amepewa pole hizo tangu ujana wake. Kila mwaka, sikukuu ya Bikira Maria ya mwezi wa Agosti, misa ikiisha, vijana kwa wazee hushuka mbele ya kanisa na pikipiki zao za milimani, gurudumu la mbele hewani, matope yakiwarukia akina mama waliovaa nguo za ibada, na akina mama hao hao wakipiga makofi. Egidio alishuka nao, magurudumu yote mawili chini, taratibu kama mtu anayepeleka mayai sokoni.

"Kinyozi! Hiyo pikipiki au baiskeli ya mama yako?" walimpigia kelele kutoka baa.

Alikuwa akicheka nao. Lakini alipopita miaka hamsini mzaha huo ulianza kumchoma, akaenda kwa Noemi.

Noemi alikuwa binti wa fundi pikipiki, mshindani wa mbio za milimani, mfupi wa kimo na mkali wa mdomo. Alimpeleka kwenye konde lililokwisha kukatwa majani, nyuma ya zizi la babu yake.

"Kaa nyuma, bwana Egidio. Nyuma zaidi. Mbona umekaa kama uko kwa daktari wa meno?"

"Nyuma wapi tena, binti? Nikakae barabarani?"

"Gia ya kwanza. Kamata klachi, piga resi kidogo, achia. Itanyanyuka yenyewe, usiivute na mikono. Na huo mguu wa kulia usibanduke kwenye breki. Ukiona pikipiki inakuja kukulalia, gusa breki, itashuka. Umesikia?"

"Nimesikia, mwalimu."

"Masikio yamesikia. Mimi nasema na mguu."

Kwa mkewe, Loredana, alisema anakwenda kupunga upepo tu. Loredana alikuwa amemwambia waziwazi: "Egidio, umri huo ukianza kuruka na pikipiki kama mbuzi, ukivunjika mimi sikuuguzi. Utajiuguza." Naye aliapa kwamba hajafikiria jambo kama hilo.

Majira yote ya kuchipua alijaribu. Gurudumu lilipanda kiganja kimoja, likaanguka. Likapanda kidogo tena, yeye akaogopa, akaachia mafuta. Noemi alimcheka, akamrudisha mwanzo wa konde.

Jumapili moja Noemi alikwenda kwenye mashindano, na Egidio hakuweza kungoja. Alipanda peke yake hadi barabara iliyonyooka juu ya makaburi, mahali pasipopita watu. Akakaa nyuma, akakamata klachi, akaachia. Gurudumu la mbele lilipanda, likazidi kupanda, hata mlima wote ukatoweka, akabaki yeye na mbingu. Furaha ilimjaa, akapiga ukelele. Katika ukelele huo mguu wa kulia ulikuwa unaning'inia hewani. Pikipiki ilisimama wima, ikamtoka chini ya makalio, naye akatua kwenye lami kwa bega na mgongo.

Watembea milima waliomkuta waliita gari la wagonjwa. Mfupa wa mtulinga, pale begani, ulikuwa umevunjika.

Loredana alifika hospitalini bado amevaa aproni, mikono ina unga wa mahindi wa kupikia polenta.

"Umefanya nini?"

Egidio alimtazama usoni, akaona anatetemeka, na maneno yakamtoka yenyewe: "Gari. Gari jeupe lilinibana kwenye kona."

"Gari la nani?"

"Sikuliona vizuri. La mizigo."

"Tarcisio!" alisema Loredana. "Nani mwingine anapanda huko Jumapili na gari jeupe la mizigo? Tarcisio wa jibini! Na hata hakusimama?"

Egidio alifumba macho. Hakusema ndiyo, wala hapana. Mkewe aliona ni maumivu, akamfuta jasho.

Tarcisio Bigoni alikuwa mjane aliyechukua jibini kwenye mazizi ya juu na kuiuza nyumba kwa nyumba, mtu mpole aliyesahau hata kuwadai wadeni wake. Kabla Egidio hajatoka hospitalini, kijiji kizima kilikuwa kimeambiwa. Loredana alitaka kwenda polisi.

"Acha," Egidio alimsihi. "Acha yaishe."

Loredana akawaambia majirani kwamba mumewe amesamehe. Hapo ndipo mambo yalipomwia mabaya zaidi, kwa sababu watu walianza kumsifu. Duka la kinyozi lilikuwa mikononi mwa binamu yake, na Egidio, mkono umefungwa kifuani, alikaa kwenye benchi la wateja akipokea sifa.

"Mimi ningemburuza mahakamani," alisema mmoja.

"Egidio ana roho ya kitawa," alisema mwingine. "Sisi nyumbani jibini yake hatununui tena."

Egidio alitazama nywele zilizomwagika sakafuni.

Noemi alikuja kumjulia hali. Alisimama mlangoni, akaiangalia ile bandeji, akauliza swali moja tu: "Mguu ulikuwa wapi, bwana Egidio?" Kisha alishusha macho, akaenda zake. Egidio alihisi masikio yakimwaka.

Siku ya Jumamosi, duka limejaa, Tarcisio aliingia. Alivua kofia, akaikunja, akaikunjua.

"Egidio," alisema. "Nimefikiri sana. Siku ile nilipita kule juu kweli. Sikukuona. Haki ya Mungu sikusikia kitu. Lakini macho yangu siku hizi... labda nilikugonga na sikujua. Ningejua ningesimama, Egidio. Nisingekuacha barabarani kama mbwa. Nimempa mpwa wangu ufunguo wa gari. Siendeshi tena. Nimekuja kuomba radhi."

Akanyoosha mkono. Egidio aliuona mkono ule, mpana, umepasukapasuka kwa chumvi ya jibini. Wote walimngoja. Naye, Mungu wangu, aliushika.

"Basi, Tarcisio. Yamekwisha."

Mzee alitoka. Mtu mmoja nyuma alinong'ona, "Umeona utu ule?" Egidio aliinuka, akafika mlangoni, akarudi, akakaa. Binamu yake alimuuliza kama ametoneshwa. Ndipo aliposema, bila kumtazama yeyote:

"Hakuna gari."

"Unasemaje?"

"Hakuna gari lililonigonga. Nilikuwa nanyanyua gurudumu. Pikipiki ikanipindukia. Nilikuwa peke yangu."

Mtu mmoja alianza kucheka, akaona wenzake hawacheki, akaacha. Egidio alitoka mbio, mkono uliofungwa ukimgonga kifuani, akamfikia Tarcisio kwenye bomba la maji la uwanja wa kijiji na kumwambia yale yale, akilia.

Tarcisio alisikiliza hadi mwisho.

"Na mkono wangu umeushika," alisema.

"Niliushika."

"Mbele yao wote."

"Ndiyo."

"Wiki zote hizi silali, Egidio. Nikifumba macho nakuona chini ya tairi langu." Akavaa kofia yake. "Usinifuate."

Nyumbani Loredana hakupiga kelele. Alivaa koti, akaenda peke yake kwenye nyumba zote alizopeleka ile habari, akaisahihisha mlango kwa mlango. Aliporudi alimwekea mumewe chakula mezani, yeye akala jikoni. Ilikuwa hivyo hadi vuli, siku za kuvuna chestnati, zile kokwa za msituni.

Watu walirudi kununua jibini, wengine wakinunua kuliko walivyohitaji. Tarcisio aliuchukua tena ufunguo wake. Lakini nywele alikwenda kunyolewa mji wa chini, na hakueleza kwa nini.

Agosti ile Egidio hakwenda mbele ya kanisa. Alisikia ngurumo za pikipiki na makofi akiwa dukani, mlango umefungwa, akinoa nyembe zilizokuwa kali tayari.

Siku moja ya vuli alikuwa akipanda kwa miguu barabara ya makaburi alipolisikia gari jeupe likija nyuma yake. Lilipunguza mwendo kabla ya kona, likapiga honi, likapunguza tena, hata likawa linakwenda kwa mwendo wa mtu wa miguu. Ndani yake mzee alikuwa ameinama juu ya usukani, akigeuza shingo huku na huku, akichungulia kioo cha kulia, kisha cha kushoto, kisha cha kulia tena. Egidio alijibana kwenye ukuta wa makaburi, akavua kofia, akainamisha kichwa mpaka gari likapita.