Chungu cha Kwanza cha Mvua

Haya, wewe uliyeketi karibu na mlango, nakutega. Nilimchoma mpaka akawa vumbi, vumbi lake nikaliogesha, na maji aliyoogea nikayatia kwenye mboga, wageni wakalamba vidole. Ni nani huyo? Fikiri polepole. Ukishindwa usinipe mji, sina haja na mji. Nisikilize tu habari za Esinati, jibu utalikuta njiani.

Esinati alikuwa na nyumba yake upande wa chini wa mlima Dedza, yeye na binti yake Filida na wajukuu tele. Kwao mboga ilikuwa na zamu yake. Kipupwe walikula maharage, kiangazi walikula majani yaliyokaushwa na maharage yaliyobaki, mvua za mwanzo zilileta kumbikumbi na uyoga, kisha mvua ikishika kabisa majani ya maboga yakatandaa mashambani mpaka njia zikapotea. Hapo ndipo kilipopikwa chungu cha kwanza cha mvua. Hakuna mtu wa ukoo ule aliyethubutu kuchuma jani la boga kabla ya siku hiyo.

Kila mwaka, siku hiyo alikuja Laitoni, mdogo wake Esinati. Alikuwa akiishi kwa mkewe ng'ambo ya mto, kama wanaume wa kule wanavyoishi, lakini kwao, mbele ya dada zake na watoto wa dada zake, yeye ndiye mwenye neno. Alinawa, akakaa, na kabla ya kuchovya tonge alimwuliza mpishi: "Umeonja?" Mpishi akajibu: "Nimeonja." Basi, ndiyo hayo tu. Lakini mpishi aliyejibu hivyo ndiye aliyesimamia chakula cha nyumba ile mwaka mzima, na hapakuwa na mtu aliyesema uongo mbele ya chungu kile. Mama yao alijibu mpaka alipozeeka. Esinati naye akajibu kwa miaka ishirini na miwili.

Sasa sikia. Mwaka huo, katikati ya baridi ya Julai, Esinati aliugua homa kali siku tisa. Siku ya kumi aliamka mzima, akaletewa uji, akauona kama anakunywa maji ya moto. Akaomba chumvi, akalamba. Hakuna kitu. Akanusa kitunguu. Hakuna kitu. Ulimi ulikuwa umelala kama kipande cha kitambaa mdomoni, na pua nayo imefunga duka.

Hakumwambia mtu. Alimkumbuka shangazi yake mmoja, mpishi hodari, ambaye mikono ilianza kumtetemeka, wakampokonya mwiko. Alikalishwa kwenye ukuta upande wa jua, akaletewa sahani iliyofunikwa. Watu walimpenda, walimwosha, walimfunika shuka. Lakini hakuna aliyemwuliza tena, "Leo tunakula nini?" Esinati aliogopa ukuta ule kuliko kaburi.

Akaendelea kupika kwa mazoea, na mambo yakaenda mpaka Oktoba. Siku moja alitia chumvi kwenye maharage, akaenda kumfukuza kuku, akarudi, akatia tena.

Filida alitema tonge la kwanza. "Mama! Hii ni mboga au bahari?"

"Mkono uliteleza."

"Uliteleza mara ngapi? Onja mwenyewe."

Esinati akaonja, akatafuna, akameza. Hakukunja uso. Filida alimtazama kwa muda mrefu. Alikuwa mwanamke wa haraka, mwenye moyo mzuri na mdomo mrefu. Alikuwa ameishi mjini Lilongwe miaka saba, akarudi na tabia ya kutia nyanya na unga wa viungo wa pakiti katika kila chungu, iwe masika iwe kiangazi.

"Mama, umechoka," alisema, na safari hii kwa upole, na upole ule ndio uliouma. "Umetupikia vya kutosha. Kaa, nitapika mimi."

Akauchukua mwiko. Esinati akakalishwa kwenye kigoda nje ya jiko. Upande wa jua.

Alikaa wiki nne. Mvua za kwanza zikaja, na jioni moja kumbikumbi wakatoka ardhini kama moshi. Watoto wakawakusanya kwa ndoo, Filida akawabandika kwenye kikaango. Esinati alikuwa amekaa pale pale kwenye kigoda chake, hanusi, haoni kikaango. Lakini alisikia. Kwanza mabawa yalichakarika kama majani makavu. Kisha mafuta yao wenyewe yakaanza kuimba, sauti nyembamba. Kisha wimbo ukakatika.

"Epua sasa!" alisema kwa nguvu.

Filida akaepua bila kufikiri, kama mtoto aliyeitwa. Kumbikumbi walikuwa wa rangi ya kahawia iliyolingana, hata mmoja hakuungua.

"Mama, umenusa kutoka huko?"

Esinati alijishika sikio. Moyo ulikuwa ukimpiga kama ngoma ya arusi. Miaka yote ile alidhani anapika kwa ulimi, kumbe masikio nayo yalikuwa jikoni yakijifunza, hayakuwa yamedai sifa.

Tangu siku hiyo, Filida akienda shamba, yeye aliingia jikoni. Alibandika vichungu vidogo, akafumba macho, akasikiliza. Aligundua kwamba karanga zilizotwangwa zikiwa mbichi chunguni hupiga kelele kama wanawake kisimani, na zikiiva huguna kama mzee anayegeuka kitandani. Aligundua kwamba jani la boga likiwa tayari huacha kuukataa mwiko. Chumvi tu ndiyo ilimshinda. Chumvi haina sauti.

Ndipo alipomkumbuka mama yake, aliyepika kabla chumvi ya dukani haijawa kitu cha kila siku. Alitumia maji ya majivu. Alichoma maganda makavu ya maharage, majivu akayatia kwenye chungu chenye matundu chini, akamimina maji juu, yakachuruzika ya rangi ya chai. Maji hayo yanalainisha mboga na yana uchumvi wake. Ukali wake hauonjwi, unashikwa: unayasugua kati ya vidole viwili, na yakiteleza kama mlenda, ni tayari. Haya, wewe wa mlangoni, jibu lako ndilo hilo.

Januari ikaja. Majani ya maboga yakafunika shamba.

"Jumamosi mjomba anakuja," Filida alisema. "Chungu cha kwanza nitapika mimi, mama. Nisamehe, lakini hatuwezi kuaibika."

"Pika chako," Esinati alisema. "Na mimi nitapika changu. Vyungu viwili, mdomo mmoja. Mjomba wako atachagua atakayeendelea na mwiko."

"Mama, na ile siku ya maharage?"

"Nikishindwa, nitakaa ukutani na sitanung'unika. Sahani nitakula hata ya kufunikwa."

Filida akakubali, maana angesemaje.

Esinati akaenda darini kutafuta fungu lake la maganda ya maharage, alilolifunga kwa kamba tangu Mei kwa desturi ya mama yake. Hamna.

"Yale matakataka?" Filida alishangaa. "Nimeyawashia moto tangu Novemba! Yanashika vizuri kweli."

Mvua inanyesha siku ya nne mfululizo, kijiji kizima hakina jani kavu la kuchoma. Esinati akajifunika nguo kichwani, akashuka mpaka kwa Maliseni, mwenzake wa tangu utoto, aliyejulikana kwa kutotupa kitu na kutonyamaza.

"Karibu, shoga! Umekuja kuniaga? Nasikia umestaafu."

"Nimekuja kuomba maganda ya maharage."

"Toka lini mpishi mkuu akaomba takataka? Ngoja kwanza, kaa. Onja hiki, nimekichuma sasa hivi." Akamkatia kipande cha kitu, akampa.

Esinati akatia mdomoni, akatafuna kwa adabu. "Kizuri. Asante."

Maliseni akashika kiuno, akaanza kucheka mpaka machozi. "Kizuri! Ni ndimu hiyo, wewe! Umetafuna ndimu na ganda lake kama muwa!" Kisha kicheko kikamkatika. Akaketi karibu naye. "Esinati. Tangu lini?"

"Tangu homa."

"Na Jumamosi Laitoni atauliza."

"Atauliza."

"Utamjibu nini?"

Esinati alitazama mvua. "Hilo sijalijua. Nataka kwanza ale."

Maliseni akaingia ndani, akatoka na fungu kubwa la maganda makavu, limekaa juu ya moshi mpaka limekuwa jeusi. "Chukua. Na mimi Jumamosi nitakuja. Sitasema neno."

"Wewe? Usiseme neno?"

"Nitajaribu."

Jumamosi mvua ikapumzika. Laitoni alifika na fimbo yake, suruali imekunjwa magotini kwa ajili ya mto, akaketi kwenye mkeka. Watoto wakajipanga. Maliseni alikaa pembeni, midomo ameibana kana kwamba ana maji mdomoni.

Asubuhi yote mama na binti walikuwa wamepika jiko moja bila kutazamana. Filida alitia magadi ya dukani, nyanya, viungo vya pakiti, akaonja mara saba. Esinati alimenya nyuzi za kila jani kwa kucha, hata moja hakuiacha, maana vidole vilikuwa havijaugua. Alisugua maji ya majivu mara ya kwanza, yakawa makavu vidoleni. Akayarudisha juu ya majivu. Mara ya pili yakateleza. Akatia majani, akatia karanga, akainamisha sikio. Wanawake wa kisimani walipiga kelele, wakapunguza, wakatulia. Alisubiri. Watoto walimwona bibi yao amesimama juu ya chungu macho amefumba, wakadhani anasali. Mzee akageuka kitandani, akaguna. Esinati akaepua.

Mabakuli mawili yakawekwa mbele ya Laitoni, na ugali katikati. Akanawa.

"Leo mmenipa kazi," alisema. "Haya. Filida, umeonja?"

"Nimeonja, mjomba!"

"Dada, umeonja?"

Kuku walisikika wakiparura nyuma ya kihenge. Filida akainua kichwa. Maliseni akakohoa, akajishika mdomo kwa mikono miwili.

"Dada?"

"Kula kwanza, mdogo wangu," Esinati alisema. Akamsogezea ugali. "Nitakujibu."

Laitoni hakuwa amewahi kusikia jibu la namna hiyo, wala wajomba zake waliomtangulia. Alimtazama dada yake, akaona uso wa yule aliyembeba mgongoni alipokuwa mdogo. Akakata tonge.

Akachovya kwa Filida. Akatafuna. "Nzuri," alisema. "Inafanana na ile ya Novemba nilipopita hapa. Na ya Desemba."

"Si ndiyo uzuri wake, mjomba?"

Laitoni akachovya kwa Esinati. Akatafuna, akaacha kutafuna, akaendelea polepole. Akakata tonge jingine, kubwa zaidi. La tatu halikuwa la kuonja, lilikuwa la kula. Akavuta bakuli karibu na goti lake kama mtu anayeogopa wezi.

"Mjomba, na sisi!" watoto wakalia.

"Subirini, mna meno ya kungojea!" Akala tena, kisha akafuta kidevu. "Sasa ndiyo mvua imeingia ndani ya nyumba. Mwaka huu majani ni matamu kupita ya mwaka jana, au ni mimi?"

"Ni karanga," akasema mtoto mmoja aliyekwisha kuchovya kidole kwa kuiba.

"Ni mchawi," akasema Maliseni, ambaye uvumilivu wake ulikuwa umefika mwisho.

Filida alisogea kwa magoti, akakata tonge, akachovya kwenye bakuli la mama yake. Akala. Alikaa vile vile, mkono hewani, na haraka yote ilikuwa imemtoka usoni. Alitazama bakuli lake mwenyewe, karibu limejaa, kisha lile jingine ambalo chini yake palianza kuonekana.

"Mama," alisema. "Kesho unifundishe. Kuanzia yale matakataka." Kisha akainuka, akaenda jikoni, akarudi na mwiko, akauweka mapajani mwa Esinati mbele ya watu wote. "Na kesho tunakula nini?"

Maliseni akapiga kigelegele. Wanawake wa nyumba za jirani, ambao hawakujua sababu, wakaitikia, wakaja mbio kuuliza kulikoni. Watoto wakalivamia bakuli, wakalikwangua mpaka likang'aa, wakagombania mwiko uliokuwa mapajani mwa bibi yao waulambe. Esinati alicheka mpaka kilemba kikamwanguka.

Laitoni alingoja kelele zipungue. Alikuwa ameshiba, lakini alikuwa mwenye neno wa ukoo ule, na neno lake lilikuwa bado linaning'inia.

"Dada," alisema. "Nilikuuliza. Umeonja?"

Esinati akaokota kilemba chake, akakifunga taratibu, akakaza fundo. Akamtazama mdogo wake machoni.

"Sijaonja, Laitoni. Tangu Julai sijaonja kitu chochote. Chungu hiki nimekisikiliza."