Doa Kwenye Kaakaa

Kitambaa kilitoka kinywani mwa Adija kikiwa cheupe vilevile. Daktari Yasinta akakirudisha, akasugua tena pale penye weusi juu ya kaakaa, na Adija hakusikia hata mguso.

"Ni tambuu hiyo, mwanangu. Miaka arobaini natafuna."

"Tambuu ingetoka, mama. Na ungeumia ninavyosugua hivi. Hapa nyama imekufa."

Nyumbani Ipagala hakuna aliyeushangaa weusi ule. Mama yake alikuwa nao, na bibi yake pia. Shavu lilipovimba upande mmoja walisema jino. Pua ilipotoa damu walisema vumbi. Na sindano za sukari alikuwa ameziweka kando tangu mfungo, kwa ukaidi wake mwenyewe. Hilo hakulisema mpaka alipoulizwa mara ya pili.

"Ni fangasi," Yasinta alieleza, akivuta kiti. "Sukari ikipanda hivi wanaingia ndani, wanakula mfupa, wanapanda jichoni hadi kwenye ubongo. Tunaishusha sukari, dawa tunakutundikia sasa hivi, na kesho asubuhi tunakata."

"Kaakaa?"

"Nusu yake."

Maulidi ya wanawake mtaani kwa Adija hayakuwa yakianza bila sauti yake, na sauti bila kaakaa hutokea puani. Aliogopa, tena sana, kisha akaona haya kwamba ameililia sauti kabla ya roho.

"Nikikataa?"

"Wiki ijayo hatutakuwa tukizungumzia jicho tu, mama."

"Basi kateni. Maulidi nimeshasoma ya kutosha."

Wakakata. Siku kumi na nane dawa ilidondoka mshipani mwake, na siku zote hizo alizungumza na mumewe kwa mikono, maana hakutaka Swalihu asikie alivyobaki. Siku ya kumi na tisa wakampachika kaakaa la plastiki. Jicho lilikuwa zima, sukari imetulia. Adija akakaa kitandani, moyo mweupe, akaazima simu ya muuguzi.

"Hujambo, baba Hana?" Sauti ilikuwa nzito, ya mtu mwenye mafua.

"Sijambo. Nani mwenzangu?"

Miaka thelathini na minne wamelala kitanda kimoja! Adija alicheka hadi wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka.

"Mkeo," alisema. "Anza kuzoea."